Nina milioni 48 za kiinua mgongo: ninunue fremu barabarani au nijenge vyumba nyumbani?

Dada, shikamoo.

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Mbagala. Nilistaafu mwaka jana nilipotimiza miaka 60. Mume wangu alitangulia mbele ya haki mwaka 2016, akaniachia watoto watatu ambao sasa wote ni watu wazima. Nyumba ninayoishi tuliijenga naye kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ule linta, na kiwanja kina hati. Nyuma kuna eneo la wazi lenye mwembe na kamba za kuanikia nguo. Mbele tumepakana na barabara ya mtaa inayopitisha bajaji na bodaboda mpaka usiku.

Kiinua mgongo kilipoingia nililipa madeni, nikamalizia ada ya mwanangu wa mwisho, zikabaki shilingi milioni 48. Pensheni ya mwezi inanitosha chakula na dawa za presha, lakini haibakizi kitu. Nataka fedha hizi zizae nisije nikawa mzigo kwa wanangu. Tatizo kila mtu ananivuta upande wake.

Shemeji yangu amenikutanisha na dalali. Kuna fremu nne za maduka Vikindu, pembeni ya Barabara ya Kilwa, zimeshaezekwa ila hazina milango, sakafu wala plasta. Bei ni milioni 38, na fundi anasema milioni 7 zitamalizia. Dalali anasema kila fremu itapangishwa kwa laki moja kwa mwezi. Ziko hatua ishirini tu kutoka kwenye lami, nimezihesabu mwenyewe, na hakuna alama ya X ya kubomolewa popote. Eneo lilikuwa la marehemu baba yake muuzaji, na muuzaji ana karatasi yenye muhuri wa kijiji. Dalali ananipigia asubuhi na jioni, anasema kuna mnunuzi wa Kariakoo ameshaandaa fedha.

Mwanangu wa kwanza anataka tuweke hati ya nyumba benki, tukope milioni 30, tununue fremu na tujenge nyumbani kwa mpigo. Fundi wangu anasema kwa milioni 20 ananijengea vyumba sita vya kupangisha uani, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi. Na kuna kijana mwenye duka la vifaa vya umeme hapa mtaani, anataka ajenge fremu tatu mbele ya nyumba yangu kwa fedha zake, kama milioni 12, azitumie miaka minane bila kunilipa, kisha aniachie.

Dada, silali. Nifanyeje?

Muuguzi Mstaafu, Mbagala

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kuondokewa na mwenzako. Na hongera, maana umefika 60 una nyumba, na huna deni. Wengi wanaoniandikia hawajafika hapo.

Nianze na fremu za Vikindu, kwa sababu ndizo zinazokunyima usingizi.

Umeandika hatua ishirini. Niliposoma nilitoka uani kwangu na futi ya kamba, nikatembea hatua ishirini za kawaida, nikapima. Ni mita 14. Barabara ya Kilwa ni barabara kuu, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaitengea barabara kuu hifadhi ya mita 30 kila upande. Mita hizo huhesabiwa kuanzia katikati ya barabara, kwa hiyo ukingo wa lami uliouanzia wewe tayari umo ndani. Ongeza nusu ya upana wa lami, tuseme mita 4. Fremu zako ziko kwenye mita 18. Kabla ya sheria hiyo hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande, kwa hiyo ziko ndani kwa kipimo cha sasa na kwa kipimo cha zamani pia. Hapo ndipo pabaya zaidi, maana aliyejenga ndani ya zile mita 22.5 za zamani hana hoja ya kudai fidia siku greda likija.

X isikutulize. X huja mradi ukikaribia. Mwaka 2017 nyumba za watu kutoka Kimara hadi Kiluvya, kwenye Barabara ya Morogoro, zilibomolewa kupisha upanuzi. Hifadhi ya kipande kile ilikuwa mita 121.5 kila upande, na waliokuwa wameishi mle miaka mingi walikuwa na karatasi kama hiyo unayoonyeshwa: mauziano, mashahidi, muhuri. Nilikwenda kumsaidia ndugu yetu mmoja kutoa vyombo. Alikuwa anang'oa mabati ya nyumba yake mwenyewe, msumari mmoja mmoja, ili asalimishe japo hayo. Picha hiyo ndiyo iliyonirudia nilipofika kwenye zile hatua zako ishirini.

Nenda TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, ofisi ya mkoa wa Pwani, uombe wakuonyeshe mwisho wa hifadhi eneo lile. Wakikuambia hifadhi inaishia kabla ya fremu, mimi nitafurahi kuwa nimekosea. Kwa hesabu yako mwenyewe ya hatua, sitegemei.

Tuseme basi ziko mbali na hifadhi. Bado kuna suala la marehemu baba wa muuzaji. Mtu akifariki, mali yake haiangukii mikononi mwa mtoto anayekaa karibu nayo. Lazima mahakama iteue msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye mwenye mamlaka ya kuuza kwa niaba ya warithi wote. Muulize muuzaji: barua ya usimamizi iko wapi? Ndugu zake ni wangapi, wako wapi, wamesaini? Kama ana mke na eneo ni sehemu ya makazi ya ndoa, ridhaa ya mke nayo inatakiwa, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999. Muhuri wa kijiji unathibitisha kwamba viongozi wameshuhudia watu wakikubaliana. Haumpi muuzaji haki asiyokuwa nayo.

Hili silisemi kwa kusoma tu. Mwaka 2004 nilinunua banda la vyumba viwili kutoka kwa mtoto wa kwanza wa marehemu fulani. Tuliandikiana, mashahidi watano, chai ikanywewa. Baada ya miaka mitatu wakaja dada zake wawili kutoka mkoani wakiwa na barua ya mahakama. Nilikaa kwenye mabenchi ya baraza mwaka mzima na nusu, na mwisho nikalipa mara ya pili ili yaishe. Walikuwa na haki yao, wale dada. Kosa lilikuwa langu la kutouliza.

Sasa hesabu ya fremu zenyewe. Dalali amekuambia laki moja mara nne mara miezi kumi na miwili, milioni 4.8. Hiyo ni hesabu ya dalali. Fremu mpya hukaa tupu, mpangaji akihama hukaa tupu tena, na eneo ambalo halijachangamka hukaa tupu hata nusu mwaka. Weka miezi kumi, unapata milioni 4. Toa kodi ya zuio ya pango, asilimia 10 inayokwenda Mamlaka ya Mapato, TRA, zinabaki milioni 3.6. Toa laki tatu za kitasa, bati, rangi na mlinzi wa kuchangiana. Umebaki na milioni 3.3 kwa mwaka, kutoka kwenye milioni 45 ulizozika pale. Ni kama asilimia 7.

Weka namba hiyo pembeni ya nyingine. Ukinunua hati fungani unaikopesha serikali fedha, nayo inakulipa riba. Zile za miaka 20 na 25, zinazouzwa kwa minada na Benki Kuu ya Tanzania, kati ya 2022 na 2024 zilitolewa kwa riba ya kati ya asilimia 12 na 16 kwa mwaka. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, inaingia benki, na haikatwi kodi ya zuio. Unaanza na shilingi milioni moja, unapitia benki yako au wakala wa soko la mitaji, na ukikwama katikati unaweza kuuza kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, ingawa bei utakayoipata inategemea soko la siku hiyo. Milioni 45 kwa asilimia 12 ni milioni 5.4 kwa mwaka, bila kupigiwa simu usiku kwamba choo kimeziba.

Sikuambii uachane na nyumba. Riba ya hati fungani haipandi; ile utakayolipwa mwaka wa kwanza ndiyo utakayolipwa mwaka wa kumi na tano, wakati mchele hautakuwa bei hii. Kodi ya pango hupanda, na ardhi nzuri hupanda pia. Ndiyo maana nataka uwe na vyote viwili. Lakini mtu akikwambia nyumba haina hasara, muulize inazalisha asilimia ngapi baada ya miezi mitupu, kodi na matengenezo. Akishindwa kukujibu, hajapiga hesabu.

Kuhusu mkopo wa mwanao nitasema kwa kifupi kwa sababu hakuna mengi. Mikopo ya nyumba kwenye benki zetu imekuwa kati ya asilimia 13 na 19. Chukua 17. Milioni 30 zinadai riba ya milioni 5.1 mwaka wa kwanza peke yake, kabla hujarudisha hata shilingi ya mkopo wenyewe, na fremu nne zinakuletea milioni 3.3. Tofauti utaitoa wapi, kwenye dawa za presha? Na kinachowekwa rehani ni paa unalolalia. Mwambie mwanao kwa upole, anakutakia mema, lakini jibu ni hapana.

Na hapa nina swali ambalo barua yako haikulijibu. Hati ya nyumba ya Mbagala ina jina la nani? Kama ni jina la marehemu peke yake, na tangu 2016 hamjafungua mirathi, basi hilo ndilo jambo la kwanza kabisa, kabla ya tofali, kabla ya kijana wa vifaa vya umeme, kabla ya kitu chochote. Kaeni kikao cha familia, muandike muhtasari, mwende mahakamani ateuliwe msimamizi, kisha jina libadilishwe kwa msajili wa hati. Wanao leo wanapendana. Siku vyumba vya uani vitakapokuwa vinaingiza fedha na wakwe wameongezeka, ndipo karatasi itakapoulizwa. Angalia pia kama kodi ya ardhi ya kila mwaka imelipwa; wajane wengi hugundua deni la miaka minane siku wanapoomba huduma ardhi.

Karatasi zikikaa sawa, uwanja wako wa nyuma ndio mahali pa kujenga. Ardhi unayo. Mipaka unaijua. Majirani wanakujua tangu ulipokuwa ukiwachoma sindano watoto wao. Ukiamka unamwona mpangaji, na bomba likipasuka utalisikia wewe kabla ya mtu mwingine.

Ila usijenge vyumba sita. Najua kwa maneno ya fundi vinaonekana vitamu: milioni 20, kodi laki tatu kwa mwezi. Muombe akuandikie alichokihesabu. Nina hakika hutakuta humo choo, karo na chemba zake, tangi la maji, umeme, wala kibali cha ujenzi cha Manispaa ya Temeke. Ukivijumlisha, milioni 20 zinakuwa 28. Na wapangaji wa chumba kimoja huhama upesi, kwa sababu maisha yao bado yanahama: kaoa, kapata kazi Tegeta, kazi imeisha. Nimewapangisha tangu 1998, kule Tandika, vyumba sita na choo kimoja. Saa kumi na moja alfajiri palikuwa na foleni ya ndoo mlangoni. Umeme ulikuwa mita moja, na ukutani nilibandika karatasi ya nani kachangia shilingi ngapi. Kila wiki mbili karatasi ile ilizua ugomvi: huyu anapiga pasi, yule ana friji, mwingine ana taa tu na anadaiwa sawa na wote. Waliokuwa wastaarabu walikuwa wa kwanza kuhama.

Jenga nyumba mbili ndogo zilizojitegemea, kila moja chumba, sebule, choo cha ndani na jiko dogo. Kila moja na mlango wake na mita yake ya umeme ya LUKU. Mita hii naisisitiza kwa sababu ya kitu ambacho wajenzi wengi hawakijui. Mteja wa TANESCO aliye kwenye daraja la matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti kwa shilingi 100 hivi. Akizidi hapo anapandishwa daraja na bei inafika karibu mara tatu. Kaya mbili kwenye mita moja huvuka uniti 75 kirahisi, wote wakalipa bei ya juu. Kila kaya na mita yake, anayebana matumizi anafaidi kubana kwake. Mpangaji wa aina hiyo hakai miezi sita, anakaa miaka.

Kwa bei za vifaa vya sasa, na kwa kuongeza robo nzima ya dharura, tenga milioni 22 kwa nyumba hizo mbili. Kwa mtaa wenye maji na usafiri kama wenu nakisia kodi ya shilingi 130,000 kila moja. Lakini usinisikilize mimi, ulizia nyumba tatu za aina hiyo mtaani kwako, na uwaulize wapangaji wenyewe wanalipa ngapi. Miezi kumi na moja, nyumba mbili, ni milioni 2.86. Toa asilimia 10, toa laki mbili za matengenezo, unabaki na milioni 2.37 hivi. Hiyo ni karibu asilimia 11 ya ulichoweka, na haina nauli ya kwenda Vikindu. Kodi ya majengo nayo usiisahau, ingawa ni ndogo: shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inakatwa mtu anaponunua umeme. Mkubaliane mapema ni nani anaibeba.

Ujenzi wenyewe usimpe fundi kwa jumla. Nunua vifaa wewe, mlipe ufundi kwa hatua: msingi, boma, kupaua, kumalizia. Hatua haijakamilika, fedha haitoki. Na tofali nunua ukiwa umelishika. Mimi natembea na msumari kwenye pochi. Nakwaruza pembe ya tofali: likitoa vumbi kidogo tu na msumari ukateleza, nalinunua; mchanga ukimwagika mkononi kama sukari, naondoka hata kama bei ni nusu. Wafyatuaji wengine hutoa tofali hamsini kwenye mfuko mmoja wa saruji. Tofali la inchi 6 la kubeba paa lako halitaki mfuko uvuke tofali thelathini. Hili linaniuma kweli. Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo likaua watu waliokuwa wamekwenda kutafuta riziki. Ukipangisha, roho za watu zimo mikononi mwako, hata kama ni banda la uani.

Shimo la maji taka lichimbwe mahali ambapo gari la kunyonya linaweza kufika na bomba lake. Nimeona nyumba nzuri kabisa ambazo shimo limo katikati ya uwanja, limezungukwa na vyumba. Na kabla hujachora chochote, subiri mvua moja kubwa ya masika, utoke na mwavuli uone maji yanasimama wapi uani kwako. Mwembe, ukiweza, uuache. Mpangaji anayefua nguo mchana anautafuta huo.

Sasa kijana wa vifaa vya umeme. Wazo lake ni zuri kuliko anavyolipangia bei. Fremu tatu kwenye barabara ya mtaa, tuseme shilingi 80,000 kila moja, ni milioni 2.88 kwa mwaka. Amewekeza milioni 12. Fedha yake inarudi katika miaka minne na kidogo. Miaka minane maana yake atavuna milioni 23, na wewe utaachiwa majengo yaliyochakaa. Mrudishie pendekezo hili: fremu mbili zake, moja yako tangu siku ya kwanza, kwa miaka saba. Mbili kwa miaka saba zinampa zaidi ya milioni 13, amerudisha fedha yake na faida kidogo, tena ana duka mahali anapopapenda. Wewe unapata shilingi 960,000 kwa mwaka bila kutoa senti. Kama anataka fremu zote tatu, basi miaka mitano, isizidi.

Mkataba uandikwe na wakili, pande zote mbili zisaini, na nakala wapewe wanao. Uandike kwamba jengo ni mali yako tangu linapojengwa na kwamba gharama zake zimeshahesabiwa ndani ya miaka hiyo, asije akadai kurudishiwa. Uandike nani anatengeneza bati likivuja. Uandike biashara gani hazitakiwi, maana hapo ni mbele ya chumba chako cha kulala: kuchomelea vyuma, grosari ya pombe, duka la nyimbo lenye spika. Na uandike kwamba hana ruhusa ya kumpangishia mtu mwingine kwa kilemba bila maandishi yako. Umewahi kusikia kilemba: mtu anamlipa aliyeko kwenye fremu mamilioni ili ampishe. Kariakoo ni jambo la kawaida, na mwenye nyumba ndiye wa mwisho kujua kwamba fremu yake imeuzwa mara mbili. Fremu zisitokeze kwenye hifadhi ya barabara ya mtaa pia; hatua zile zile ulizohesabu Vikindu, zihesabu na hapo, kisha uulize manispaa.

Ukifanya hivi, umetumia milioni 22 kati ya 48. Milioni 20 ziende kwenye hati fungani. Kwa asilimia 12 ni milioni 2.4 kwa mwaka, yaani milioni 1.2 kila baada ya miezi sita. Ukigawa manunuzi mara mbili, kwa minada ya miezi tofauti, riba zitakuingia mara nne kwa mwaka badala ya mbili. Jaza na majina ya warithi wako vizuri, tusirudie ya hati ya nyumba. Milioni 6 zibaki mahali unapozifikia kwa siku mbili tatu. Hizo ni za ugonjwa, za harusi, na za bati litakaloezuliwa na upepo. Mwenye nyumba asiye na akiba hupangisha yeyote anayekuja na fedha ya haraka, na ndiye anayejuta.

Kuhusu wapangaji, wewe umefanya kazi ya kuangalia watu miaka yote, utawajua. Kodi ya miezi mitatu kwa mfanyakazi mwenye mshahara inatosha. Miezi sita mara nyingi huwafukuza wazuri ukabaki na wanaokopa ili waingie, kisha wasilipe tena. Siku ya kuingia mpitie nyumba pamoja, mpige picha za sinki, vioo na milango, muandike namba ya mita. Na siku mtu akishindwa kulipa, usimfungie mlango wala kumtolea vitu nje, hata ukiwa na hasira ya haki. Mpe notisi kwa maandishi, mpitie serikali ya mtaa, na isipotosha kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenye nyumba anayetoa vitanda vya watu mvuani hupoteza kesi aliyokuwa ameshinda.

Dalali akipiga kesho asubuhi, mwambie unataka vitu viwili: barua ya msimamizi wa mirathi na maandishi ya TANROADS. Usimlipe kishika uchumba wala fedha ya kwenda kuviona. Halafu toa hati ya nyumba yako kabatini, soma jina lililoandikwa pale, uniandikie.